Salgaa na Ardhi Inayoamuliwa Bila Wanaoitumia

Barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret hupita Salgaa kabla ya kuanza kuupanda mlima wa Sachang'wan hadi Mau Summit. Wakenya wengi wanakijua kituo hiki kwa mambo mawili: malori yanayolala hapo usiku, na ajali zinazotokea karibu yake. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lililoanguka Sachang'wan lilishika moto na kuua zaidi ya watu 100, wengi wao wakiwa wamekusanyika kuteka mafuta. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori yaligongana Migaa, watu 36 wakafa. Ndiyo maana Salgaa ikitajwa magazetini huwa ni habari ya barabara. Lakini ukiiacha lami na kutazama kando zake utakuta kwamba ni habari ya ardhi, tena nzito. Chini ya vibanda na maegesho kuna ardhi ya umma, yaani hifadhi ya barabara. Nyuma ya safu ya kwanza ya majengo kuna ploti za watu binafsi, nyingi za futi hamsini kwa mia, zilizokatwa kutoka mashamba ya walowezi. Upande wa Rongai na Mogotio kuna mashamba makubwa ya mkonge yaliyo mikononi mwa kampuni na familia chache. Juu ya Salgaa, upande wa kusini, umekaa msitu wa Mau, ambao ni chanzo cha mto Molo unaopita Rongai ukielekea ziwa Baringo. Ni maeneo machache nchini ambako aina hizi zote za umiliki zinakaribiana hivi.

Tangu uhuru, sera ya ardhi nchini Kenya imejengwa juu ya swali la nani anamiliki. Tume zimeundwa, sheria zimeandikwa upya, mamilioni ya hatimiliki yametolewa, na kila serikali mpya hujigamba kwamba imetoa nyingi kuliko iliyotangulia. Swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua iwapo watu wataishi kwa usalama, limeachwa bila jibu: ni nani anayepaswa kuulizwa kabla ardhi haijauzwa, haijagawanywa, haijachimbwa bwawa wala kupitishwa barabara? Watu wengi ambao riziki yao inategemea kipande fulani cha ardhi si wamiliki wake mbele ya sheria. Kuna mke wa mwenye shamba, mpangaji wa chumba, kibarua wa mkonge, mrithi wa mtu aliyekuwa na cheti cha hisa, mama anayeuza chai kando ya barabara, na jirani anayeishi chini ya bwawa la mwingine. Kifungu cha 60 cha Katiba ya 2010 kinataka ardhi ishikwe na kutumiwa kwa haki, kwa ufanisi, kwa tija na kwa njia endelevu. Hakuna ubishi juu ya maneno hayo. Ubishi unaanza pale uamuzi wenyewe unapofanywa, kwa kuwa mara nyingi aliye na karatasi peke yake ndiye anayekuwa chumbani.

Kutoulizwa huku kuna historia ndefu katika Bonde la Ufa. Mwaka 1904 Olonana na wazee wenzake wa Kimaasai walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa watu wao bondeni na kuwapeleka Laikipia na kusini, kwa ahadi kwamba makao hayo mapya yangekuwa yao siku zote. Miaka saba baadaye mkataba mwingine ukawatoa Laikipia. Walipoupinga mahakamani mwaka 1913, kesi ilitupwa kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa mapatano na taifa la kigeni, kwa hiyo mahakama ya koloni haikuwa na uwezo wa kuusikiliza. Wakati huo mlowezi Lord Delamere alikuwa ameshakaa Njoro, na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikawapa walowezi ukodishaji wa miaka 999. Walioletwa kulima mashamba hayo, wengi wao Wakikuyu waliokuja na mifugo na familia, waligeuzwa na sheria ya mwaka 1918 kuwa maskwota ambao haki yao ya kukaa ilitegemea kumfanyia kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka. Olenguruone, juu ya Molo, waliodhani wamepewa makao ya kudumu waliondolewa kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo uhuru ulipokuja, bonde lilikuwa na makundi mawili au matatu ya watu, kila moja likiamini kwa sababu zake kwamba ardhi ile ni yake, na hakuna aliyewahi kuyakalisha pamoja.

Dola mpya nayo haikuyakalisha. Ilichagua soko. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962 kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, ulizipa makao familia takriban 35,000, lakini ardhi ilinunuliwa kutoka kwa walowezi na waliopewa walitakiwa kulipa deni. Asiyeweza kulipa peke yake aliingia kwenye kampuni za kununua mashamba. Nakuru ndiyo iliyokuwa makao makuu ya biashara hiyo katika miaka ya 1970, na Ngwataniro ni jina ambalo wazee wa huko wanalikumbuka hadi leo. Utaratibu wake unafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndio uliozaa kesi nyingi zinazosikilizwa sasa. Mwanachama alilipa pesa kidogo kidogo na kupewa cheti cha hisa. Kampuni ilinunua shamba zima kwa jina lake. Savea alikuja kulikata, kisha wanachama wakapiga baloti: unatia mkono, unatoa namba, namba hiyo ndiyo shamba lako. Kutoka hapo hadi hatimiliki kulikuwa na safari nyingine ya ada, ramani, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi na safari za kwenda kwa msajili, na wengi hawakuimaliza. Wapo waliokufa wakiwa na cheti tu. Wapo walioanza kulima namba moja kumbe daftari la wakurugenzi lilikuwa na namba nyingine. Wengine waliuza kwa maandishi ya kurasa mbili mbele ya mzee wa mtaa, na aliyenunua akajenga. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inayahesabu mauzo ya ardhi ya kilimo yasiyo na idhini ya bodi kuwa batili, kwa hiyo maelfu ya watu wanaishi juu ya mauzo ambayo kisheria hayakutokea.

Kuna jibu la haraka kwa haya yote, nalo lina watetezi wenye akili: maliza kutoa hatimiliki, kisha mambo mengine yatajipanga. Mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, aliieneza hoja hiyo duniani kote mwaka 2000, akisema mali ya maskini ni mtaji uliolala kwa kukosa karatasi. Sina ugomvi na hatimiliki. Mwenye nayo hukopa kwa urahisi zaidi, hufukuzwa kwa shida zaidi, na hulala vizuri. Lakini Nakuru ndiyo mahali ambapo hoja hiyo imejaribiwa kwa moto, na ikashindwa kutoa kile ilichoahidi. Katika machafuko ya mwaka 1992, kisha baada ya uchaguzi wa 1997, kisha mwaka 2007 na 2008, nyumba zilizochomwa Molo, Kuresoi na Njoro zilikuwa pamoja na za watu wenye hatimiliki halali zilizotoka ofisi ya serikali. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani mwezi Mei 2008 na kuwapa waliofurushwa shilingi 10,000 za kuanzia, wengi walikuwa na karatasi zao mkononi na bado hawakurudi. Karatasi ilisema shamba ni lao. Majirani hawakukubali kwamba lilipatikana kwa haki. Ardhi ya mtu hulindwa na sheria na pia na ukubali wa wanaoizunguka, na huo wa pili hautolewi na msajili.

Uendelevu nao hauwezi kutenganishwa na swali hili la kuulizwa, na ushahidi wake uko ndani ya eneo bunge la Rongai, ambamo Salgaa imo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya wiki za mvua kubwa, kingo za bwawa la Patel huko Solai zilipasuka na maji yakashuka juu ya vijiji vilivyokuwa chini. Watu wasiopungua 47 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Bwawa lilikuwa ndani ya shamba kubwa lenye mabwawa kadhaa, na mamlaka ya rasilimali za maji ilieleza baadaye kwamba hayakuwa na leseni. Tazama mpangilio wenyewe. Juu kuna mwenye shamba aliye na hati safi, maji anayoyakinga na mimea inayomwagiliwa kwa ajili ya soko la nje. Chini kuna wenye vipande vidogo, baadhi yao warithi wa kampuni za kununua ardhi za miaka ya 1970, nao pia wana hati zao. Kila upande ulikuwa umekamilika kwa upande wa umiliki. Kilichokosekana ni mahali ambapo wa chini angeweza kusema, kabla ya ukingo kuinuliwa, kwamba maji yakitoka yatapita sebuleni kwake, na mtu mwenye mamlaka akalazimika kumjibu kwa maandishi. Leseni ya bwawa, kwa hakika, ndiyo mahali hapo. Sheria ya maji inataka maombi yatangazwe na wanaoathirika wasikilizwe. Bwawa lisilo na leseni ni bwawa ambalo jirani hakuulizwa. Miaka sita baadaye, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalibomoa njia chini ya tuta la reli ya zamani juu ya Mai Mahiu, katika kaunti hiihii ya Nakuru, na kuua watu zaidi ya 45. Safari hii ardhi iliyoshikilia hatari ilikuwa ya umma, na waliokuwa chini yake hawakuwa na pa kuuliza pia. Mvua za aina hii zinazidi kuja, na ramani ya umiliki haionyeshi maji yanakoelekea.

Turudi barabarani, kwa sababu jaribio kubwa linalofuata litafanyika hapo. Mkataba wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, inayopita Salgaa, ulitiwa saini na kampuni za Kifaransa mwaka 2020, ukasuasua na hatimaye ukafutwa. Novemba 2025 Rais William Ruto aliuzindua mradi huo upya, sasa ukiwa mikononi mwa kampuni za Kichina kwa ushirikiano na hazina ya NSSF. Sina shaka kwamba upanuzi unahitajika. Waliokufa Migaa na Sachang'wan wanatosha kuwa hoja. Swali ni nani atahesabiwa kuwa ameguswa nao. Mwenye ploti yenye hati atathaminiwa na kulipwa, hata kama malipo yatachelewa kama ilivyo desturi. Anayeuza nyama choma ndani ya hifadhi ya barabara, fundi wa kuziba pancha, mwenye jokofu la soda na mama wa chai hawana ploti ya kuthaminiwa. Wakati huohuo, katika vituo vya aina hii nchini kote, kaunti huwauzia watu haohao leseni ya biashara ya mwaka na kuwatoza ushuru. Mkono mmoja wa dola huandika risiti, mwingine huja na rangi nyekundu na kuchora alama ya X ukutani. Mtu ambaye serikali imempokea pesa zake kila mwaka kwa biashara iliyopo mahali fulani hawezi kuambiwa siku ya mwisho kwamba hajulikani yuko pale.

Watakaopinga watasema kwamba huku ni kuwatuza wavamizi: ukimlipa aliyejenga kwenye hifadhi ya barabara leo, kesho watakuja kumi. Pingamizi hili ni la kweli kwa sehemu, na si siri kwamba kila mradi mkubwa ukitangazwa vibanda huota usiku kucha vikisubiri fidia. Lakini sheria za Kenya zimeshatoa njia ya kutofautisha. Kifungu cha 40(5) cha Katiba kinaruhusu fidia kwa waliokaa kwa nia njema kwenye ardhi inayotwaliwa hata kama hawana hati. Mahakama ya Juu, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitu-Bell waliobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, iliamua mwezi Januari 2021 kwamba watu wasio na ardhi waliokaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma hawawi wamiliki wake, ila wanapata haki ya makao inayostahili kulindwa. Na Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa walio kwenye ardhi ya umma. Ukizisoma pamoja, unapata kanuni iliyo wazi: barabara itapita, mchuuzi hawezi kuizuia, ila anastahili kujua mapema, kuhesabiwa kufikia tarehe iliyotangazwa, na kuonyeshwa pa kwenda. Anayekuja baada ya tarehe hiyo hana dai. Kwa Salgaa hili lina uzito wa pekee, kwani kituo chenyewe kipo kwa sababu ya malori. Barabara pana yenye kizuizi katikati na maegesho yaliyojengwa kilomita kadhaa mbele inaweza kuua mji bila kumbomolea mtu hata ukuta mmoja, na hasara ya namna hiyo haimo katika fomu yoyote ya uthamini.

Wahandisi na wawekezaji wana pingamizi lao: kuuliza kila mtu ni kuchelewesha maendeleo. Hapa inabidi kukiri kwamba ushirikishwaji wa umma, kama unavyofanywa sasa, umejipatia sifa mbaya kwa haki. Mara nyingi ni mkutano wa saa mbili katika uwanja wa chifu, wageni wakizungumza, wenyeji wakipewa soda, na orodha ya waliohudhuria ikiambatanishwa na ripoti kana kwamba kuhudhuria ni kukubali. Ninachokisema ni kitu chembamba zaidi na chenye meno zaidi. Watu wanaoguswa na uamuzi watajwe kwa majina, wapewe taarifa kwa lugha wanayoisoma, wawe na muda maalumu wa kupinga, na anayeamua alazimike kujibu pingamizi kwa sababu. Kuulizwa hakumpi mtu kura ya turufu. Miradi mingi nchini hucheleweshwa na amri za mahakama zinazotolewa baada ya tingatinga kufika, na walioziomba mara nyingi ni watu ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote.

Ndani ya nyumba mambo si tofauti. Muungano wa Kenya Land Alliance ulipochambua hatimiliki takriban milioni moja kati ya zilizotolewa mwaka 2013 hadi 2017, uligundua kwamba wanawake peke yao walipata asilimia 10.3, na kwa ukubwa wa ardhi ilikuwa asilimia 1.62 tu. Kampeni ile ya kutoa hati iliyosifiwa sana kwa kuharakisha mambo iliharakisha pia hili: ilichukua familia zilizokuwa zikitumia shamba kwa pamoja na kuandika jina moja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa, na hiyo ni aina ya kuulizwa ninayoizungumzia. Udhaifu wake ni kwamba inamtaka msajili amjue mke ambaye hajaandikwa popote. Mahakama ya Juu nayo ilisema Januari 2023, katika kesi ya Ogentoto, kwamba mgawanyo wa mali ndoa ikivunjika utategemea mchango uliothibitishwa, si nusu kwa nusu moja kwa moja. Tanzania ilichagua njia nyingine: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Mabaraza hayo yana matatizo yake, lakini angalau anayeleta mgogoro hukutana na wanawake upande wa pili wa meza.

Ugawaji wa mashamba ni tatizo ambalo Nakuru yote inaliona kwa macho. Shamba la ekari tano lililopatikana kwa baloti mwaka 1975 limegawiwa wana, kisha wajukuu, na kipande cha mbele kinachoelekea barabara kimeuzwa kuwa ploti. Kaunti ilikuwa na watu 2,162,202 katika sensa ya 2019, na Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021 bei za ploti zilipanda hadi vituo vya mbali kando ya barabara. Mahindi na maharagwe yanapungua, kodi ya vyumba inaongezeka. Wapo wanaotaka sheria iweke kiwango cha chini cha ekari, na kifungu cha 68 cha Katiba kinaliagiza Bunge liweke viwango vya chini na vya juu. Mswada uliandaliwa mwaka 2015 na haukufika popote. Si ajabu, kwa kuwa wanaotunga sheria wangeguswa na kiwango cha juu. Rwanda ilijaribu cha chini. Baada ya kusajili zaidi ya vipande milioni 10 kwa miaka michache, jambo la kusifiwa, ilipiga marufuku kukata ardhi ya kilimo chini ya hekta moja. Watu waliendelea kukata kwa kamba na mashahidi, na ugawaji huo haukuingia kwenye daftari, hivyo daftari lililogharimu juhudi kubwa likaanza kupitwa na hali halisi. Marufuku hayamwambii kijana wa Rongai asiye na kazi ale nini badala ya robo ekari ya baba yake. Naona afadhali kaunti iitumie Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 kupanga vituo kama Salgaa kabla havijajaa, ili ploti ziende juu kwa ghorofa na mashamba ya nyuma yabaki mashamba. Mpango huo utafanya kazi ikiwa wapangaji, ambao ni wengi kuliko wenye nyumba katika mji wa malori, watakuwa kwenye orodha.

Kuhusu Mau, wengi wenye nia njema wangeiacha hoja yangu hapa. Wanasema msitu hauna haja ya mazungumzo. Unahitaji ua na askari, kwa sababu mito haiwezi kungoja. Lakini mkato mkubwa kuliko yote haukufanywa na wakazi waliovamia. Mwaka 2001 serikali ilitangaza katika gazeti rasmi kuondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kutoka hadhi ya msitu, na ardhi ikagawiwa, kwa sehemu kama zawadi za kisiasa. Waogiek, ambao msitu ulikuwa makao yao, hawakuulizwa wakati wa kukata wala wakati wa kufukuza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipotoa hukumu huko Arusha mwezi Mei 2017, haikuona ushahidi kwamba wao ndio waliouharibu msitu, na Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 na watambuliwe kwenye ardhi yao. Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena upande wa Narok. Uhifadhi usiomuuliza anayeishi msituni umetupa historia ya misitu inayokatwa na wakubwa na kulindwa dhidi ya wadogo. Wakati huohuo, waliouziwa vipande vya Mau na watu waliovigawa kisiasa nao wengi walinunua kwa pesa zao halali, na nadhani si sawa kuwaita wavamizi huku waliotia saini wakiendelea kuitwa waheshimiwa.

Hapo ndipo watu husema tuyaache ya zamani, maana kuyafukua kutaleta vita vingine. Sheria ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliruhusu madai ya dhuluma za kihistoria zilizotokea kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010, lakini dirisha la kuyapokea lilifungwa Septemba 2021. Kwa kumbukumbu zangu za vipindi vya uchaguzi nchini humu, madai yasiyopokelewa na tume hupokelewa na wanasiasa, na wao hawana masharti ya ushahidi. Sheria ileile ilikuwa na orodha pana ya tiba: kurejeshewa, kulipwa, kupewa makao mapya, hata kutambuliwa rasmi kwamba ulidhulumiwa. Ni tiba chache kati ya hizo zinazohitaji kumng'oa mtu mwingine. Kuyapokea madai hayo, pamoja na kumhakikishia aliyenunua kwa halali kwamba fidia italipwa na dola na si kwa shamba lake, kungepunguza hatari badala ya kuiongeza.

Dijitali itakuja na kasi yake. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, na unapofika katika masjala nyingine utabeba yaliyomo kwenye mafaili kama yalivyo. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilikadiria hati haramu kuwa takriban 200,000. Hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Dina Management, Aprili 2023, imeshasema kwamba hati iliyotokana na mgao haramu haimlindi hata mnunuzi aliyefuata. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu wa Rongai sasa anafuatilia shina la hati hadi kwenye kampuni ya kununua mashamba na daftari la baloti, na daftari hilo mara nyingi liko kabatini kwa familia ya mkurugenzi aliyekwisha kufa. Kuyakusanya madaftari hayo ni kazi ya haraka kuliko kununua kompyuta.

Mwisho kuna mashamba makubwa. Katiba ilifupisha ukodishaji wa miaka 999 wa wasio raia kuwa miaka 99 kuanzia Agosti 2010, kwa hiyo mingi itafika 2109. Mingine, iliyokuwa ya miaka 99 tangu zamani, itaisha mapema zaidi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema muda ukiisha, aliyekuwa akiikodi, akiwa raia, apewe nafasi ya kwanza ya kuipata tena, isipokuwa serikali ikiihitaji kwa manufaa ya umma. Wanaoulizwa ni wawili: mwenye shamba na serikali. Kibarua ambaye baba yake alizaliwa kwenye mistari ya nyumba za shamba hatajwi. Kijiji kilichoko chini ya bwawa hakitajwi, wala mchungaji ambaye njia yake ya kwenda mtoni imefungwa na ua. Marekebisho yanayohitajika ni ya aya moja: kabla ya kuongeza muda, Tume ya Kitaifa ya Ardhi isikilize wanaoishi ndani ya shamba na wanaopakana nalo, ikague vibali vya maji na usalama wa mabwawa, na iweke masharti yanayosajiliwa juu ya hati yenyewe, ili atakayeuziwa ayakute. Wabunge wanaotoka Bonde la Ufa wangeweza kuipeleka aya hiyo Bungeni katika kikao kijacho, na wenye mashamba wangepata fursa ya kuipinga hadharani, kwa majina yao.